Nyumba ya dirable na ziwa linalorudi: historia ya maji chini ya misingi yetu

Ndugu wasomaji, na ninyi wasikilizaji mnaotufuata mkiwa kambini au kwenye nyumba za jamaa waliowapokea, leo nachukua swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote: "Nyumba yetu ilikaa ndani ya maji. Sasa maji yametoka. Tunaweza kurudi?"

Swali hilo liliingia hata kwetu nyumbani. Shangazi yangu ana parsele huku chini, upande wa ziwa, hapa Uvira. Nyumba yake ni ya dirable. Marehemu mume wake aliijenga miaka ya themanini kwa pesa ya ndagala, chumba kimoja kila mwaka. Mwaka 2020 maji ya ziwa yaliingia hadi magotini. Yakatoka, yakarudi, yakatoka tena. Shangazi akahamia kwa mtoto wake huko juu, karibu na mlima. Maji yaliporudi nyuma akaita kijana, akapigisha krepisaji mpya, akanunua rangi. Nyumba ikang'aa.

Siku ya kurudisha vitanda alipita papa mmoja masoni, mzee wa jirani. Alisimama kwenye pembe ya nyumba, akainama, akaomba nyundo. Akagonga juu: ko, ko, ko. Akagonga chini, karibu na udongo: sauti ikawa ya kibuyu kitupu. Akagonga mara moja tena, na kipande cha beto kikubwa kama sahani kikaanguka. Ndani tuliona chuma. Mume wa shangazi alikuwa ameweka chuma cha 12, yaani milimita 12, unene wa kidole. Kilichobaki kilikuwa chembamba kama kalamu, na pembeni yake kutu imejipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu kilicholoa.

Mzee akamwambia: "Mama, hii nyumba ni mgonjwa uliyemvalisha suti."

Shangazi aliketi kwenye kitanda kilichokuwa bado nje, akanyamaza. Mimi nilijiuliza: chuma kilichozikwa ndani ya sima, tulichoambiwa kwamba hakiozi, kilioza lini? Nimeuliza mafundi, nimesoma, na nimegundua kwamba jibu halianzi 2020. Ni historia ya vitu viwili vilivyokutana kwenye ufuko wetu: ziwa ambalo haliketi mahali pamoja, na nyumba ambayo tuliamini itaketi milele.

Ziwa linalokopesha ardhi

Tuanze na ziwa. Tanganyika ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Kina chake kinafika karibu mita 1,470. Mito mingi inaingia: Rusizi huku kwetu, Malagarasi upande wa Tanzania, na mingine midogo inayoshuka milimani. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, pale Kalemie, unaopeleka maji Lualaba. Na hata huo hautoi mengi. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya Tanganyika huondoka kwa kuvukizwa na jua. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa linapanda, na likishapanda halishuki haraka. Mtu akingoja maji yatoke uani kwake, anaweza kungoja miaka.

Wazee wa karne ya 19 waliliona hili kwa macho yao. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kulikuwa na michikichi imesimama sokoni. Aliporudi 1876, aliikuta michikichi ileile imesimama ndani ya maji, mbali na ufuko. Soko lilikuwa limehama. Kwa nini? Kwa sababu Lukuga ilikuwa imeziba. Mwingereza Cameron aliufikia mto huo mwaka 1874 na kukuta mdomo wake umejaa matete na majani yanayoelea. Ziwa likajaa kama beseni lililozibwa tundu, hadi karibu mwaka 1878 lilipovunja kizuizi na kumwagika upande wa magharibi. Mwisho wa 1879 msafiri mwingine, Joseph Thomson, aliukuta Lukuga ukikimbia kwa nguvu. Katika miaka isiyofika 20 ziwa likashuka karibu mita 10.

Mita 10, ndugu wasomaji. Tembea kutoka ufukoni kwenda barabarani, uone ni parsele ngapi ziko chini ya kimo hicho. Ardhi tambarare ya mchanga ambayo leo imejaa avenyu, makanisa, shule na masoko, sehemu yake kubwa ilikuwa kitanda cha ziwa wakati babu wa babu zetu wakivua. Ziwa lilikopesha ardhi ile. Halikuiuza.

Watu wa zamani walijenga wakijua hivyo. Nyumba ilikuwa ya miti, matete, udongo na nyasi. Ilioza, ndiyo. Lakini ilioza mbele ya macho ya mwenyewe: mti unalainika, mchwa anaonekana, ukuta unainama. Maji yakipanda, mtu anabeba alichoweza, anakata miti mingine, anajenga juu zaidi. Hasara ilikuwa ya wiki chache za kazi, si ya maisha mazima.

Beto ilizaliwa karibu na maji

Sasa tugeuke upande wa pili, kwenye beto, ambayo ndugu zetu wa Kigoma wanaiita zege. Vyuma vyake wao wanaviita nondo.

Kuchanganya mawe na chokaa ni ujuzi wa zamani sana. Warumi walijenga hivyo, na baadhi ya majengo yao yanasimama hadi leo. Lakini wao hawakutia chuma ndani. Kutia chuma ni jambo la Wafaransa wa karne ya 19, na cha kushangaza ni kwamba halikuanza na nyumba. Joseph-Louis Lambot alitengeneza mtumbwi wa sima uliofumwa waya ndani, akauonyesha Paris mwaka 1855. Joseph Monier alikuwa mtunza bustani. Alichoka na vyungu vya maua vinavyovunjika, akatia waya ndani ya sima, na mwaka 1867 akapata hati ya uvumbuzi. Mtumbwi na chungu: vyote viwili ni vyombo vya kukaa na maji! Baadaye François Hennebique, Mfaransa aliyefanya kazi Ubelgiji, akaona kwamba njia hiyo inaweza kubeba nyumba nzima. Mwaka 1892 alipata hati ya mfumo wake wa nguzo, mihimili na sakafu, na kutoka hapo beto yenye vyuma ikaenea dunia nzima.

Kwa nini vitu hivyo viwili vilioana? Kwa sababu kila kimoja kina udhaifu ambao mwenzake anaufunika. Beto ni ngumu ukiikandamiza, lakini ukiivuta au kuikunja inakatika. Chuma kinavumilia kuvutwa. Zaidi ya hapo, vyote viwili hupanuka kwa joto karibu sawa, hivyo haviachani kwenye jua. Na kuna zawadi ya tatu: beto mpya ina ukali wa chokaa. Ukali huo unakivika chuma ngozi nyembamba isiyoonekana, inayozuia kutu. Ndiyo maana wajenzi wa kwanza waliamini kwamba chuma kikishazikwa ndani ya sima, kimeokoka.

Imani hiyo haikuwa uongo. Ilikuwa na masharti. Tutayaona.

Dirable inafika kwetu

Wabelgiji walipoweka boma lao katika eneo la Kalemie ya leo, mwaka 1891, hawakuwa na sima ya karibu. Walitumia udongo, matofali na mawe. Reli ilifika Albertville, jina la Kalemie la wakati huo, mwaka 1915, na mizigo mizito ikaanza kuja kwa urahisi. Katika Bas-Congo kiwanda cha sima cha Lukala kilianza miaka ya 1920. Baadaye hata ziwa letu likapata kiwanda chake, pale Kabimba. Mfuko wa sima ukaanza kusafiri kwa boti.

Ukitazama nyumba za kikoloni zinazobaki kwenye miji ya ziwa, utaona jambo moja: nyingi zimeinuliwa. Msingi ni wa mawe makubwa yaliyopangwa na kufungwa kwa sima, bila chuma, na sakafu iko ngazi mbili tatu juu ya udongo. Jiwe halipati kutu. Nyumba hizo zina manjanja yaliyotoboka na mbao zilizoliwa, lakini miguu yake bado imesimama.

Baada ya uhuru wa 1960, sima ilibeba ndoto yetu sisi raia. Hapa kwetu tuna ngazi za nyumba, na kila mtoto anazijua: nyumba ya miti na udongo, nyumba ya mbao, semi-dirable, halafu dirable. Dirable maana yake ni ya kudumu. Baba akimaliza dirable, hata mahari ya binti inapanda. Na dirable ya kweli ilikuwa ile yenye vyuma: semele chini, nguzo pembeni, na mkanda wa beto kuzunguka nyumba, ule ambao wamasoni wanauita shenaji.

Lakini vyuma ni ghali na sima ni ghali. Hapo ndipo masharti yalianza kusahaulika. Ili mfuko mmoja ufanye kazi ya miwili, mchanga uliongezwa. Ili beto imwagike kwa urahisi, maji yaliongezwa. Vyuma vililazwa moja kwa moja juu ya udongo, kwa sababu hakuna aliyetaka kupoteza sima chini yake. Nyumba ikasimama, ikapigwa krepisaji, ikapakwa rangi, na hakuna aliyeona tofauti. Kwa nje, dirable nzuri na dirable ya njaa zinafanana kabisa.

1964: vita juu, maji chini

Kuna mwaka mmoja ambao naona unatufunza zaidi kuliko mingine, nao ni 1964.

Mwishoni mwa 1961 mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha Afrika Mashariki, na miaka iliyofuata haikuwa mikavu. Maziwa yote makubwa yalipanda, Victoria pamoja na Tanganyika. Mwaka 1964 ziwa letu lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho halikuwa limefika kwa miongo mingi. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, Uvira ilianguka mikononi mwa waasi, katika vita vile ambavyo wazee wanaviita vya Mulele au vya Simba. Watu walikimbilia milimani, wengine wakavuka kwenda Burundi na Tanzania.

Fikirini basi. Mwaka ambao ziwa lilikuwa likionyesha mpaka wake, wenye nyumba hawakuwepo kuuona. Waliporudi, baada ya miezi au miaka, walikuta hasara nyingi: milango imeng'olewa, manjanja yameibwa, kuta zimepasuka. Nani angetenganisha kilichofanywa na vita na kilichofanywa na maji? Nilimuuliza mzee mmoja wa Kalundu aliyekuwa kijana wakati ule. Alinijibu: "Sisi tulisema vita imebomoa nyumba. Maji hatukuyahesabu."

Naona hapo ndipo kumbukumbu ilipokatika. Kila kizazi cha watu wa ziwa kilimwonyesha mtoto: "Maji yaliwahi kufika hapa." Kizazi cha 1964 kilikuwa uhamishoni. Baadaye ziwa likashuka taratibu, ufuko ukapanuka, na wakaja watu wapya, wengi wao wakikimbia vita vingine vya milimani na vya bondeni, wakitafuta mahali pa kuweka kichwa. Parsele za chini zilikuwa za bei nafuu. Walijenga. Si ujinga. Hawakuwa na wa kuwaambia.

Kinachotokea ndani ya msingi

Sasa turudi kwenye chuma cha shangazi, tuone kilikufa vipi.

Beto inaonekana ngumu kama jiwe, lakini ndani ina vijitundu vidogo sana. Kila kikombe cha maji kilichozidi wakati wa kuchanganya huacha vijitundu zaidi kikikauka. Kupitia vijitundu hivyo beto inanyonya maji kutoka chini kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Hapo ndipo tunaona ukuta umelowa hadi kimo cha goti wakati hakuna mvua, na unga mweupe wa chumvi umeota juu ya rangi.

Kupitia vijitundu hivyohivyo inaingia hewa. Ndani yake kuna hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Polepole, milimita kwa milimita, inaua ule ukali wa chokaa. Siku mpaka huo unapokifikia chuma, ngozi yake ya ulinzi inaondoka. Kama beto ni nzito na chuma kimefunikwa vizuri, siku hiyo inaweza kuchukua miaka mingi sana kufika. Kama beto ni ya njaa na chuma kiko karibu na nje, inafika mapema. Chumvi nayo inaharakisha kazi. Maji ya Tanganyika si ya bahari. Chumvi yake ni kidogo sana ukilinganisha na ya Mombasa. Lakini maji ya vyoo yaliyofurika na kuzunguka msingi ni habari nyingine, maana mkojo una chumvi.

Kutu inahitaji vitu viwili kwa pamoja: maji na hewa. Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo wengi wanapokosea. Chuma kilicho ndani ya beto kavu hakina maji, kinakaa salama. Chuma kilicho ndani ya beto iliyozama kabisa hakipati hewa ya kutosha, kinaoza polepole mno. Mahali pa hatari zaidi ni katikati, pale ambapo pamelowa leo, pamekauka kesho, pamelowa tena. Na ziwa letu linafanya hivyohivyo kila mwaka: linapanda hadi karibu mwezi wa Mei, linashuka wakati wa kiangazi, tofauti isiyofika mita moja. Nyumba iliyo ufukoni msingi wake unalowa na kukauka, mwaka baada ya mwaka, bila hata mafuriko. Kwa hiyo chuma cha shangazi huenda kilianza kuugua tangu ziwa likiwa mbali na mlango. Mwaka 2020 ulimaliza kazi iliyokwisha anza.

Kilichobaki ni nguvu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila: mara mbili, tatu, hata zaidi. Chuma kinachooza kinavimba. Hakina pa kwenda, kwa hiyo kinasukuma. Beto, kama tulivyosema, haivumilii kuvutwa, na inapasuka. Ufa unafuata njia ya chuma, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Sasa maji na hewa vina barabara, na ugonjwa unakimbia. Mwisho beto inabanduka, na mkanda uliotakiwa kushika nyumba nzima kama mshipi unakuwa kamba iliyokatika. Nyumba haianguki siku hiyo. Inangoja kitu kidogo: mvua moja kubwa, udongo kusogea, au tetemeko, na sisi wa bonde hili tunajua kwamba ardhi yetu hutikisika.

2020 na miaka iliyofuata

Mwisho wa 2019 mvua zilizidi tena Afrika Mashariki. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe na miti, ukapita katikati ya mji. Watu zaidi ya 40 walikufa, nyumba maelfu ziliharibika, na maelfu ya familia wakalala nje. Mjini kwetu hakuna asiyekumbuka sauti ya mawe yale.

Baada ya mto likaja ziwa. Lilipanda bila sauti. Gatumba, ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, Kigoma, Kalemie, sisi wote tuliona jambo lilelile. Mwaka 2021, na tena 2024 baada ya mvua nyingine kubwa, Tanganyika ilifika tena karibu na kile kimo cha 1964. Waliosema "haijawahi kutokea" walikuwa wanasema kweli kwa umri wao, si kwa umri wa ziwa.

Ni muhimu kutenganisha maji hayo mawili. Maji ya mto yanapiga: yanachimba udongo chini ya msingi, na ukifika asubuhi unaona pembe ya nyumba inaning'inia hewani. Uharibifu wake unaonekana. Maji ya ziwa yanakaa. Yakiondoka yanaacha nyumba imesimama, na hiyo ndiyo hatari yake, maana mwenye nyumba anamshukuru Mungu na kutafuta rangi.

Na kuna nyumba ambazo hazikuachwa kwa ajili ya maji, bali kwa ajili ya risasi. Wengi wenu mnaonisikiliza mko hapo. Nyumba isiyo na mtu, iliyoibiwa manjanja, inapokea mvua moja kwa moja juu ya kuta, na hakuna wa kuzibua mtaro wala kufagia maji. Miaka mitatu ya kuachwa hivyo inaweza kuwa mibaya kuliko mwezi mmoja wa mafuriko. Kama wale wa 1964, mtarudi na kusema vita imebomoa. Safari hii, naomba, maji nayo tuyahesabu.

Kabla ya kurudisha vitanda

Kwa hiyo, je, mnaweza kurudi? Haya ndiyo niliyojifunza kwa wamasoni, na ninayaweka kwa lugha ya nyumbani.

Usianze na krepisaji. Anza kwa kubandua ile ya zamani kwenye pembe na chini ya kuta, hata kama inauma. Zunguka nyumba na nyundo ndogo, sikiliza. Sauti ngumu ni dalili njema. Sauti ya kibuyu ina maana beto imeachana na chuma.

Tazama nyufa. Ufa mwembamba wa nywele kwenye krepisaji si kitu. Ufa ulionyooka unaofuata shenaji au nguzo, wenye doa la rangi ya kahawia, ni kutu inayozungumza. Ufa unaopanda kama ngazi kwenye tofali kutoka pembeni unasema kwamba udongo chini umesogea au umebebwa. Chimba shimo dogo kando ya pembe, uone kama msingi bado umekalia udongo.

Ukikuta kutu juujuu tu, fundi anaweza kuondoa beto mbovu hadi nyuma ya chuma, kukisugua kwa burashi ya waya hadi king'ae, na kufunika upya kwa sima nzito. Ukikuta chuma kimeliwa kama cha shangazi, kupaka sima juu ni kufunga bandeji juu ya jipu. Chuma kipya lazima kiunganishwe, au sehemu hiyo ivunjwe na kujengwa tena. Kama nguzo kadhaa ziko hivyo, usilaze watoto humo.

Na ukijenga upya, masharti yale ya zamani ni haya. Kwanza tabaka jembamba la beto isiyo na chuma juu ya udongo, ile ya kusafishia. Vyuma vikae juu ya vijiwe vya sima ili visiguse chini, na vifunikwe si chini ya sentimita tano kila upande. Mchanga uwe safi, maji yawe machache, beto iwe nzito kwenye koleo. Ikishamwagwa, ilowanishwe kila siku kwa siku saba, maana sima inakomaa kwa kunyweshwa, si kwa jua. Juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza, tandika nailoni nzito au lami ili unyevu usipande. Maji ya manjanja yaongozwe mbali, choo kiwe mbali. Na kama pesa haitoshi kwa vyuma vizuri, msingi wa mawe ulioinuliwa, bila chuma, ni bora kuliko chuma kilichozikwa vibaya. Babu zetu masoni walijua.

Lakini sharti la kwanza kabisa halimo ndani ya mfuko wa sima. Ni kujua ziwa lilifika wapi. Kwenye ukuta wa shangazi tumechora mstari mwekundu pale maji yalipofika, na mwaka pembeni. Tumeamua kwamba nyumba ile haitalalwa tena. Tofali nzima zinabebwa moja moja kwenda juu, ambako mtoto wake amempa nusu ya parsele. Alilia siku ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa anawahesabia vijana tofali na kuwagombeza wanaozivunja.

Ukuta mmoja, ule wenye mstari, aliomba uachwe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Wajukuu wangu siku moja watauziwa parsele hapa. Angalau wasome."

Ni mimi mwandishi wenu, hapa Uvira.